Kabla hujanunua tairi, pitia kwa fundi wa mtaani kwako

Mwaka jana tairi la nyuma la baiskeli yangu lilichanika ubavuni. Ni baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele, na ndiyo inayonipeleka shuleni na kunirudisha kila siku hapa Shinyanga. Jioni hiyo nikakuta tangazo kwenye simu: duka moja la Dar es Salaam linauza matairi ya inchi 26 kwa bei ya chini kuliko ya dukani kwetu. Langu limeandikwa 26, la kwenye picha limeandikwa 26. Nikalipa. Siku ya tatu nikaenda stendi kupokea mzigo.

Halikuingia. Nilivuta hadi vidole vikauma, nikakanyaga, nikajaribu kulikweza kwa mpini wa kijiko. Asubuhi nikaenda kwa mguu hadi kwa mzee anayetengeneza baiskeli kwenye baraza la duka la spea, nimebeba matairi yote mawili begani.

Mzee hakulijaribu hata mara moja. Alivaa miwani, akalaza lile la zamani mapajani, akafuta vumbi kwa kidole gumba pembeni ya ile 26. "Soma hapa, mwalimu." Kwa maandishi madogo: 37-590. Akageuza jipya: 50-559. Hizo namba tatu za mwisho ni kipenyo kwa milimita, pale tairi linapokaa kwenye rimu. Matairi yote mawili yanaitwa 26, lakini yanatofautiana milimita 31, na hakuna nguvu ya mkono inayoziba pengo hilo. Lile 559 ni la baiskeli za gia zenye matairi manene. Phoenix kubwa, ile ya 28 tunayobebea magunia, mara nyingi ni 635. Tairi jipya la saizi yangu halisi lilikuwa linaning'inia pale pale, juu ya kichwa chake. Muuzaji wa mjini alikataa kurudishiwa la kwake, kwa hiyo katika kutafuta unafuu nililipia matairi mawili.

Tangu siku hiyo sinunui kitu cha baiskeli kabla ya kumwonyesha yeye, na nakushauri ufanye hivyo hivyo kwa fundi wa kwenu. Ukinunua kwa picha, hakuna wa kukuuliza unabeba nini na unapita njia gani. Mzee wangu anajua kwamba napita njia yenye miiba ya migunga, kwamba nabeba madaftari ya darasa zima kwenye keria, na kwamba spoku mbili za upande wa friwili, lile duara la meno la gurudumu la nyuma, zilikatika mwezi wa tano. Baiskeli ikianza kulia, anajua pa kuanzia.

Utamjuaje fundi mzuri? Kama mtaani kwenu wapo vijana wa daladala za baiskeli, angalia wanakopeleka zao. Bodaboda za pikipiki zimewapunguza sana, lakini waliobaki wanakula kwa pedali. Kijana ambaye baiskeli ikilala na yeye hali, hawezi kumvumilia fundi wa kubahatisha.

Halafu mwangalie anavyoziba pancha. Wa haraka hutoa tyubu, hubandika kiraka, hujaza upepo na kukudai hela. Kesho pancha iko palepale. Mzee wangu huitumbukiza tyubu kwenye beseni la maji na kuizungusha yote, hata akishaona mapovu, kwa sababu tundu la pili hupenda kujificha. Husugua kwa msasa, hupaka solusheni, kisha huiacha ikauke kabisa kabla ya kuweka kiraka. Hapo ndipo wateja wengi humharakisha, na hapo ndipo viraka vingi huharibika. Wakati solusheni inakauka, hupitisha vidole ndani ya tairi polepole, duara zima. Siku moja alitoa ncha ya mwiba iliyokuwa fupi kuliko punje ya mchele, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa imenitoboa mara tatu kwa wiki moja, na mara zote tatu nilikuwa nimeziba mwenyewe nyumbani.

Cheni nayo mpe aipime. Huweka rula kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya ishirini na nne mbele yake: cheni mpya inasoma inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imekwisha. Chuma hakijavutika, ni pini na bushi zilizolika ndani. Ukiendelea nayo itakula meno ya friwili, utalipia vyote viwili. Sikuwa najua jambo hili kwa miaka yote niliyopanda baiskeli.

Na wewe mtendee haki. Usimpelekee baiskeli iliyojaa tope ukataka aiguse gololi za ekseli, isafishe kwanza. Usiende saa moja asubuhi wakati watu wa kazini wamejipanga. Spea ukinunua kwake, usibishanie hela ndogo hadi mate yamkauke, maana ushauri aliokupa bure ndio uliokuokolea kubwa. Akisema rimu haifai kunyooshwa tena, usimlazimishe. Ukikuta anagonga kila kitu kwa nyundo, hamia kwa mwingine bila kinyongo.

Kama bado hujapata fundi, anza leo na jambo dogo. Futa vumbi ubavuni mwa tairi lako, tafuta zile namba tatu za mwisho, ziandike kwenye simu. Kisha nenda nazo duka la spea lililo karibu, umuulize aliyekaa pale kama tairi hilo analo. Akiomba kwanza kuiona baiskeli yenyewe, mkabidhi.