Gari linalala miezi minane: betri itunzwe vipi isife

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu yaliwahi kunikuta. Unasafiri miezi minane, gari linabaki limefungiwa ndani, na mpango wako ni mdogo wako awe analiwasha dakika kumi kila Jumamosi. Nakuomba uachane na mpango huo. Ndivyo nilivyofanya mimi, na betri iliyokuwa na mwaka mmoja na nusu tu niliikuta imekufa.

Tupige hesabu. Gari la kisasa ukilizima, halizimiki lote. Alamu, saa, kompyuta na kile kinachosikiliza rimoti vinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida kwa gari zima lisilo na hitilafu. Tuchukue 30: kwa siku ni ampea-saa 0.72 (ampea-saa ni kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), kwa wiki ni 5 hivi. Betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kwenye siku ya 41 au 42. Sasa dogo anawasha, injini inanguruma palepale dakika kumi. Hata tukubali kwamba betri inapokea ampea 10 muda wote huo, kilichorudi hakifiki ampea-saa 2, na stata nayo imeshachukua chake. Wiki imekula 5, Jumamosi imerudisha chini ya 2. Juu ya hapo, injini haijapata moto wa kutosha, kwa hiyo unyevu unabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Unaumiza betri na injini kwa pamoja.

Na betri ya risasi na asidi, ile ya kawaida ya magari, haiuawi na kule kuisha kwenyewe. Inauawa na kukaa muda mrefu ikiwa haijajaa. Inapotoa umeme, bamba za ndani zinafunikwa na salfeti ya risasi. Ukichaji mapema, ile salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki kwa wiki, inageuka chembe ngumu ambazo chaja haiziwezi tena, na sehemu ile ya bamba imepotea moja kwa moja. Yangu niliikuta na volti 9.8. Nikaichaji siku mbili, mita ikasoma 12.6, nikafurahi sana. Stata ikazunguka mara mbili, ikakata. Mita ilikuwa inasema kweli kuhusu volti, lakini volti hazikuambii betri imebakiwa na uwezo gani wa kubeba mzigo. Hilo nililijifunza siku ile.

Kwa hiyo jambo ni moja: betri ilale ikiwa imejaa, na ibaki imejaa. Namna ya kulifanya inategemea kama pale gari litakapolala kuna umeme.

Kama upo, tafuta chaja ya kutunzia, ile inayojiendesha yenyewe. Inapandisha hadi volti 14.4 hivi, ikiona betri imejaa inashuka na kushikilia kwenye 13.5 au karibu na hapo, na inaweza kukaa imeunganishwa miezi yote. Usiichanganye na chaja ya zamani isiyojishusha. Ile ni nzuri kwa kazi ya usiku mmoja, lakini ukiiacha mwezi mzima inachemsha maji ya betri hadi bamba zinabaki wazi. Soma pia maandishi yaliyo juu ya betri yenyewe. Kama imeandikwa AGM (ile ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) au jeli (asidi yake imegandishwa), chaja iwe na chaguo hilo na uiweke hapo. Jeli hasa haivumilii volti za juu. Na kama ni ya lithiamu, haya yote hayaihusu, inataka chaja yake na haipendi kulala imejaa pomoni.

Kama umeme haupo, ichaji hadi ijae kabisa kisha fungua waya wa hasi. Hasi kwanza, na wakati wa kurudisha, hasi mwisho. Sababu ni kwamba bodi lote la gari ni hasi. Spana ikiwa kwenye chanya huku hasi bado imefungwa, ikigusa chuma chochote inapiga shoti. Kabla hujafungua, hakikisha una namba ya siri ya redio kama inadai, na kwamba ufunguo wa kawaida unafungua mlango, maana rimoti haitafanya kazi. Betri ikiwa kwenye buti ndiyo ufikirie mara mbili namna utakavyoifikia tena.

Hata ukiikata, bado inajimaliza yenyewe, takriban asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwenye nyuzi joto 25 hivi, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana sehemu yenye baridi ya wastani ni bora kuliko chini ya bati. Baridi nayo haina shida kama betri imejaa. Iliyoisha ndiyo huganda na kupasuka. Hapa ndipo dogo anapata kazi ya maana: kila baada ya wiki sita apime kwa mita, betri ikiwa imetulia masaa kadhaa bila kuchajiwa. 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4, iko kwenye robo tatu, aichaji siku hiyo hiyo. 12.2 ni nusu, amechelewa. Achajie mahali penye hewa, kwa sababu gesi ya haidrojeni inayotoka inalipuka kwa cheche ndogo tu.

Nimeona wengine wanashauri paneli ndogo ya sola juu ya dashibodi. Ya wati 5 hadi 10 inatosha kabisa gari likiwa nje kwenye jua, na pikipiki yangu imeishi hivyo misimu miwili. Ila angalia unapoichomeka: kwenye magari mengi tundu la kiberiti linakufa ukitoa ufunguo, kwa hiyo paneli inakuwa pambo. Iunge kwenye betri moja kwa moja, na kama ni kubwa kuliko hiyo iwe na kidhibiti chaji. Gari lako liko ndani, basi hii haikufai.

Kuhusu kuiweka betri juu ya sakafu ya saruji, iweke bila wasiwasi, makasha ya plastiki ya sasa hayapitishi umeme. Kama ina vifuniko vya maji, ongeza maji yaliyokenekwa peke yake, kamwe usiongeze asidi, na ujazie baada ya kuchaji kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji. Kama bamba ziko wazi, zifunike kwanza ndiyo uchaji.

Tuambie betri yako imeandikwa nini juu, na kama pale ndani kuna soketi karibu, tukuambie uchukue njia ipi kati ya hizo mbili.