Kabla hujaongeza skrini ya pili na RAM, soma hii kwanza

Jamani kama kazi yako ni ya kuruka dirisha moja hadi jingine siku nzima, weka skrini ya pili. Mimi nilikaa na moja miaka nikajua nimezoea, nilipoweka ya pili ndo nikaona muda niliokuwa napoteza.

Kuunganisha ni dakika tano, ila mimi ilinila jioni nzima. Kompyuta yangu ina kadi ya grafiki, yaani kadi ya kutoa picha iliyopachikwa peke yake, na skrini ya kwanza ilikuwa imechomekwa hapo, hii ya pili nikaichomeka kwenye HDMI ya juu, ile ya bodi yenyewe (motherboard, bamba kubwa la ndani ambalo kila kitu kinachomekwa), karibu na matundu ya USB. Giza. Nikabadilisha kebo, giza tena, nikaanza kuilaumu skrini ya watu bure. Kumbe kompyuta nyingi zikishaona kadi ya grafiki zinazima ile picha ya kwenye bodi! Kwa hiyo skrini zote mbili zichomeke kwenye kadi, matundu yake yako chini kidogo yamejipanga peke yake. Kama HDMI ni moja na lingine ni DisplayPort (tundu jingine la picha), tafuta kebo ya DisplayPort kwenda HDMI. Halafu bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua Extend, ili skrini ya pili iwe nafasi ya ziada.

Sasa RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, hapa nawaomba msikimbilie kununua. Fungua Task Manager, nenda Performance kisha Memory, utaona una RAM kiasi gani, spidi yake, na sloti (nafasi za kupachikia RAM) ngapi zimetumika. RAM zina vizazi, DDR3, DDR4, DDR5, na DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, ule mkato wa chini umekaa sehemu tofauti, na RAM za laptop ni fupi hazikai kwenye kompyuta ya mezani. Na kama Windows yako ni ya 32-bit usihangaike, haitumii zaidi ya GB 4.

Siku ya kuweka nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha kava kutoa umeme wa mwilini, nikaipachika. Nawasha, feni zinazunguka, skrini zote mbili kimya. Moyo ulinidunda kwelikweli. Nikazima, nikachomoa umeme tena, nikamulika tochi ya simu: upande mmoja kishikio kimefunga, upande wa pili kimebaki wazi kama upana wa ukucha. Yaani RAM inataka nguvu kuliko unavyodhani, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie tak, halafu tak nyingine. Ukiwa na sloti nne na RAM mbili, mara nyingi zinakaa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ila kitabu cha bodi ndo kinasema.

Mara ya kwanza kuwasha inaweza kukaa giza kidogo inapima RAM mpya, hasa DDR5, ipe dakika chache usiizime.