Kuwasha Taa za Nyumbani Ukiwa Safarini

SWALI: Mfumo wangu wa Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani) huendesha taa na pampu ya maji nikiwa nyumbani tu. Nifanyeje niuongoze nikiwa safarini?

JIBU: Ndugu msomaji, usiufungue mlango namba 8123 wa ruta ("port", njia inayotumiwa na Home Assistant) kwenye intaneti, kwa maana yeyote mtandaoni ataweza kuugonga, weka badala yake WireGuard, programu ya VPN inayoiunganisha simu yako na nyumba kwa ufunguo wa siri. Kwanza, hata hivyo, tazama anwani ya nje ya ruta (IP ya WAN) kwenye mipangilio yake: ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya mtandao imewapa wateja wengi anwani moja, na simu yako haitaweza kuifikia ruta kutoka nje, hivyo tumia Tailscale, huduma ya VPN ambayo huanzisha mawasiliano kutokea ndani. Pampu, nakusihi, iwekee swichi ya boya inayoizima tangi likijaa, kwani mtandao hukatika.