Maswali ya Wasomaji: Konokono Wasioalikwa Katika Tangi la Samaki

SWALI: Majuma machache baada ya kupanda mimea mipya katika tangi langu la samaki, nimeona konokono wadogo wa kahawia wakitambaa kwenye kioo, na chini ya majani kuna ute angavu wenye vitone ndani yake. Wengine, wenye magamba yaliyochongoka, hutoka mchangani usiku tu. Ni wa aina gani, na je, nitie dawa ya kuwaua?

JIBU: Kabla ya kufikiria dawa, mtoe mmoja wa wale wa kwenye kioo, ulishike gamba lake ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, na pembe zake zikiwa nyembamba kama uzi, yaelekea ni Physella acuta. Ukiwa upande wa kulia, na pembe zikiwa fupi na pana zenye umbo la pembetatu, huyo ni wa jamii ya Lymnaea. Wote wawili hutaga mayai katika ute kama ulioueleza, na kwa kuwa kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, hata konokono mmoja aliyekuja na jani anaweza kuanzisha ukoo mzima.

Wale wa mchangani bila shaka kubwa ni Melanoides tuberculata. Hawa hawatagi, majike huzaa watoto waliokwisha kuumbika, mara nyingi bila kuhitaji dume. Kwa maoni yangu ni wapangaji wazuri, kwani huchimbuachimbua mchanga na kula mabaki yaliyozama humo.

Dawa sikushauri. Nyingi zina shaba, ambayo huua pia kamba wa tangini, na konokono wengi wakifa kwa mpigo huoza, amonia ikapanda, na samaki ndio wakalipia. Konokono huongezeka kwa kadiri ya chakula kinachosalia. Basi wape samaki kile wanachoweza kukimaliza ndani ya dakika 2 au 3. Wakati huohuo, zamisha kipande cha tango jioni na ukitoe asubuhi pamoja na waliokikusanyikia, lakini usiwamwage mtoni wala mtaroni.

Jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza: usiokote konokono wa bwawani penye kichocho. Bulinus, anayeeneza ugonjwa huo, naye mdomo wa gamba lake uko kushoto, hivyo kipimo nilichokupa hakitamtenga na Physella.

SWALI: Gamba la konokono wangu mkubwa wa manjano limeanza kulika nchani na kuacha mashimo meupe. Naye amelala chini tangu jana. Amekufa?

JIBU: Mguse kile kifuniko kigumu cha mlangoni, akikivuta ndani, yu hai. Kikiwa kimelegea na kunatoka harufu ya uozo, mwondoe mara moja. Kuhusu mashimo, gamba limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, ambayo huyeyuka katika maji yenye asidi. Pima pH, na ikiwa iko chini ya 7 weka kipande cha mfupa wa ngisi tangini. Sehemu iliyokwisha kulika haitaziba. Utakachotazama ni ukingo wa mdomo wa gamba, ambako tabaka jipya likiota laini na bila nyufa utajua kwamba maji yamemfaa.