Kupanga si kuchagua: Kiswahili cha hesabu za uwezekano

SWALI: Najiandaa kwa mtihani wa GRE ili niombe nafasi ya masomo ya juu. Maswali yenyewe ni ya Kiingereza, lakini mimi na wenzangu tunajadiliana kwa Kiswahili. Tukifika kwenye mipangilio na uwezekano tunaanza kuvutana. Pale vitu vinapochaguliwa bila kujali kipi kinatangulia, mmoja anasema "mchanganyiko", mwingine anasema "mchaguo". Juzi kulikuwa na swali la kurusha sarafu tatu. Nikalifupisha hivi: "Sarafu zote hazikuonyesha kichwa." Nikapata 1/8, kumbe jibu ni 7/8. Je, maneno sahihi ni yapi, na Kiswahili ndicho kinachotuponza?

JIBU: Kiswahili hakiwaponzi, ndugu msomaji. Mnabishania nomino, ilhali katika hesabu hizi mtu hukosea zaidi kwenye vitenzi na yale maneno madogo: na, au, tu, angalau, wote, ikiwa. Nitaanza na nomino kwa kuwa ndizo mlizouliza, kisha twende panapouma.

"Mpangilio" limekaa vizuri na sioni sababu ya kulibadilisha. Ni vitu vilivyowekwa kwa kufuatana: ukibadilisha kinachotangulia, umepata mpangilio mwingine. "Mchanganyiko" silipendi hapa. Kwanza, tayari lina kazi yake katika hesabu, maana tunasema sehemu mchanganyiko kwa namba kama mbili na nusu. Pili, linamfanya mtu afikirie vitu vilivyokorogwa pamoja, na katika swali la kuchagua hakuna kinachokorogwa: wachache wanatoka, waliobaki wanabaki. Kwa hiyo namuunga mkono anayesema "mchaguo". Likiwawia gumu, semeni "kundi". "Yanapatikana makundi mangapi ya watu watatu kutoka kwa watu saba?" Sentensi hiyo inaeleweka hata na asiyewahi kusikia istilahi yoyote, na ndani ya chumba cha mtihani hiyo ndiyo faida mnayoitafuta. Sehemu ya hesabu ya GRE, tangu ilipofupishwa mwaka 2023, ina maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 47. Hazifiki dakika mbili kwa swali, kwa hiyo muda wa kukumbuka jina la kanuni ni muda uliopotea.

Sasa tazameni sentensi hizi mbili.

Watu saba wachague miongoni mwao kamati ya watu watatu.

Watu saba wachague miongoni mwao mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Kitenzi ni kimoja, "kuchagua", lakini hesabu ni mbili tofauti. Katika sentensi ya pili mwenyekiti anaweza kuwa yeyote kati ya 7, katibu yeyote kati ya 6 waliobaki, mweka hazina yeyote kati ya 5: 7 × 6 × 5 = 210. Katika ya kwanza hakuna vyeo. Watu wale wale watatu wamehesabiwa mara 6 ndani ya zile 210, mara moja kwa kila namna ya kuwagawia vyeo, kwa hiyo 210 ÷ 6 = 35.

Hapa Kiswahili kinatupa kitenzi cha thamani kubwa: kubadilishana. Jiulizeni, "Hawa wawili wakibadilishana nafasi, je, kuna kilichobadilika?" Katibu na mweka hazina wakibadilishana, uongozi umebadilika, basi ni mpangilio. Wajumbe wawili wa kamati wakibadilishana viti, kamati ni ile ile, basi ni mchaguo. Fanyeni swali hilo liwe mazoea, kwa sababu waandishi wa mitihani hawaahidi kuwaandikia "panga" penye kupanga na "chagua" penye kuchagua. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri, ambao wengi hupewa, wa kuwinda neno fulani ndani ya swali na kurukia kanuni.

Kubadilishana kunasaidia hata pale vitu vinapofanana. Chukueni herufi za neno BABA. Zingekuwa herufi nne tofauti, mipangilio ingekuwa 4 × 3 × 2 × 1 = 24, ambayo huitwa faktoria ya 4. Lakini B mbili zikibadilishana hakuna anayegundua, na A mbili vivyo hivyo. Tunagawanya kwa 2, kisha kwa 2 tena, tunabaki na 6: BABA, BAAB, BBAA, ABAB, ABBA, AABB. Ziandikeni zote kwa mkono walau mara moja. Ukishaziona sita hizo mbele yako, ule mgawanyo hauwi tena jambo la kukariri.

Sisi watu wa lugha tuna haki ya kuipenda hesabu hii. Katika karne ya 8 mwanalugha Al-Khalil ibn Ahmad wa Basra alipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa kuzungusha herufi za kila mzizi. Mzizi wa herufi mbili hutoa mipangilio 2, wa tatu 6, wa nne 24, wa tano 120. Kisha akabainisha ipi inatumika na ipi imeachwa. Alikuwa anatafuta maneno, na njia ya kuhakikisha hakuna lililomponyoka ilikuwa ni kuhesabu.

Kuna kitenzi cha tatu ambacho mara nyingi husahauliwa: kugawa. Na hapa takriri ya Kiswahili, yaani kurudia neno, ni kali kuliko watu wanavyodhani. "Chagua wawili kati ya watu wanane" maana yake ni jozi moja inatoka: 8 × 7 ÷ 2 = 28. "Wagawe watu wanane wawili wawili" maana yake ni kila mtu apate mwenzake, na hesabu ni nyingine kabisa. Mshike mtu mmoja: wenzi anaoweza kupewa ni 7. Kati ya sita waliobaki mshike mwingine: wenzi 5. Kisha 3, kisha 1. Jumla ni 7 × 5 × 3 × 1 = 105. Neno "wawili" kulisema mara moja au mara mbili ndiko kunakoleta tofauti ya 28 na 105, kwa hiyo mnapofupisha swali kwenye daftari msiifyeke takriri ili kuokoa wino.

Tuje kwenye "uwezekano". Ndilo neno sahihi, na msilibadilishe na "uwezo", ambao ni wa mtu au chombo, wala na "nafasi", ambayo tayari mnaihitaji kwa viti na vyeo. Ila neno hili lina tabia mbili. Tukisema "kuna uwezekano", tunasema tu kwamba jambo haliko mbali na kutokea. Tukisema "uwezekano ni", tunatoa kipimo kuanzia 0 hadi 1. Mazungumzo ya kila siku yanakaa kwenye ile ya kwanza, hesabu inakaa kwenye ya pili. Mwanafunzi anayesema "kuna uwezekano wa dadu kuonyesha 6" hajajibu kitu. Anayesema "uwezekano wa dadu kuonyesha 6 ni 1/6" amejibu. Kipimo hicho huwa kikubwa au kidogo.

Na kuchagua bila kupendelea kuitweje? Tumieni "kwa nasibu". Neno hilo limezoeleka kwenye utafiti, katika "sampuli nasibu". Msiseme "kwa kubahatisha", kwa sababu kubahatisha ni kukisia jibu usilolijua.

Sasa sarafu zenu. Tuandike K kwa kichwa na P kwa upande wa pili. Matokeo yote ni manane: KKK, KKP, KPK, PKK, KPP, PKP, PPK, PPP. Sentensi yako, "Sarafu zote hazikuonyesha kichwa", Mswahili akiisikia anaelewa kwamba hakuna hata moja iliyoonyesha kichwa. Hiyo ni PPP peke yake, yaani 1/8. Hesabu yako ilikuwa sahihi kabisa kwa sentensi uliyoiandika! Ila swali lilikuwa linakanusha neno "zote", si kitenzi. Lilitaka kusema "Si sarafu zote zilizoonyesha kichwa", yaani chochote isipokuwa KKK, na hayo ni matokeo 7 kati ya 8. Angalia kikanushi kimehamia wapi: katika sentensi yako kimo ndani ya kitenzi, "hazi-", na katika hii kimesimama mbele ya "sarafu zote". Kiingereza huruhusu neno lenye maana ya "wote" na kikanushi kukaa katika sentensi moja kwa maana yenye utata, na ukiitafsiri neno kwa neno unaangukia upande mmoja bila kujua. Basi fanyeni hivi: kila mnapoona "wote" pamoja na ukanushi, msiandike kitu mpaka mmechagua moja kati ya "hakuna hata mmoja" na "si wote". Mkifanya hivyo utata hauna pa kujificha.

Kwa sarafu hizo hizo, tazameni maneno madogo yanavyofanya kazi. Kichwa mara moja tu: KPP, PKP, PPK, yaani 3/8. Kichwa angalau mara moja: kila kitu isipokuwa PPP, 7/8. Kichwa kisichozidi mara moja: yale matatu pamoja na PPP, 4/8. Mkiandika "kichwa mara moja" bila "tu" wala "angalau", hamjaandika swali, mmeandika nusu yake. "Angalau" nalo lina mtego wake. Mtaani tunalitumia kujifariji, "angalau nimepata kimoja", na anayesema hivyo kwa kawaida amepata kimoja tu. Katika hesabu halimfariji mtu: maana yake ni kimoja au zaidi. Ndiyo maana njia fupi ya kulihesabu huwa ni kutafuta uwezekano wa kutopata hata kimoja, kisha kuutoa kwenye 1. Katika "zaidi ya 2", 2 yenyewe haimo, na katika "kuanzia 2" imo. Hilo halihitaji maelezo mengi, linahitaji jicho.

"Na" ni neno la kuangaliwa zaidi ya yote, kwa sababu katika Kiswahili linabeba mizigo mingi. "Mwalimu na daktari wamechaguliwa": wote wawili wamo. "Mwalimu amechaguliwa na daktari": aliyechaguliwa ni mmoja, na daktari ndiye mchaguaji. Mkitaka mambo mawili yatokee kwa pamoja, wekeni "wote wawili" au "yote mawili" na hamtapotea.

"Au" nayo hubadilika kulingana na mahali. Mtu akikuuliza "Utasafiri leo au kesho?" anategemea utaje siku moja. Katika hesabu, "au" huruhusu yote mawili. Kati ya namba 1 hadi 12, ngapi ni shufwa au zinagawanyika kwa 3? Shufwa ni 6, zinazogawanyika kwa 3 ni 4, lakini 6 na 12 zimo kote kote, kwa hiyo jibu ni 6 + 4 − 2 = 8. Swali likitaka upande mmoja pekee, litasema, na kwa Kiswahili tutaandika "ama hivi ama vile, lakini si vyote viwili". Hapo jibu linakuwa 6.

Mwisho ni "ikiwa", ambalo hamkuliuliza lakini najua mtakutana nalo. Mfuko una gololi nyekundu 5 na za buluu 3. Zinachomolewa mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudishwa. (Nasema "zinachomolewa" kwa makusudi, kwa sababu "kutoa" kwenye hesabu ni kazi nyingine.) Uwezekano wa zote mbili kuwa nyekundu ni 5/8 × 4/7, yaani 5/14. Uwezekano wa ya pili kuwa nyekundu ikiwa ya kwanza ni nyekundu ni 4/7 tu. Katika sentensi ya pili ile gololi ya kwanza haihesabiwi tena, tumeshaambiwa rangi yake, na kilichobaki ni mfuko wenye gololi 7. Wengi huzidisha kwa 5/8 hata hapo, kwa mazoea ya mkono. Kinachofuata "ikiwa" kichukuliwe kuwa kimekwisha kutokea. Ufupisheni mfuko kwanza, andikeni kilichobaki ndani yake, kisha ndipo mhesabu.