Boneti ya Coccinelle ikikataa kufunguka

Mtu mwenye Coccinelle, yaani Volkswagen Beetle, iliyotoka kabla ya modeli ya 1968 hawezi kuahirisha tatizo la boneti, kwa sababu mdomo wa tangi la petroli umewekwa chini ya boneti hiyo hiyo. Injini iko nyuma na itaendelea kuwaka kama kawaida, lakini petroli ikiisha hakuna pa kuimimina. Gurudumu la akiba na kikopo cha mafuta ya breki navyo vimefungiwa humo. Kuanzia modeli ya 1968, Volkswagen iliweka kifuniko cha petroli nje, ubavuni, kwa hiyo wenye magari hayo wanaweza kungoja fundi wamtakaye. Langu ni la 1965, na ndiyo maana nimelazimika kukijua kitasa chake kuliko nilivyopenda.

Hapa Lubumbashi kitasa hicho kinaonewa na majira yote mawili. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali na kunata kwenye grisi. Mvua zikianza, maji hupenya kwenye mpira wa boneti uliochakaa, na lile vumbi lenye grisi hugeuka kuwa udongo mgumu. Kitasa chenyewe ni kitu chepesi kueleweka: kwenye boneti kuna pini yenye springi, kwenye bodi kuna bamba dogo linaloikamata pini hiyo, na waya wa chuma unaopita ndani ya mrija hadi kwenye kishikio kilicho chini ya dashibodi ndio unaolivuta bamba ili pini iachiwe.

Kabla ya kugusa chombo chochote, vuta kishikio polepole na usikilize mkono wako. Kikija bila uzito wowote na kisirudi, waya umekatika au umechomoka kwenye skrubu inayoubana kule kwenye kitasa. Kikiwa kigumu kabisa, ama waya umeshikwa na kutu ndani ya mrija, ama pini imelibana bamba kwa nguvu, jambo linalotokea sana kwa gari lililowahi kugongwa mbele hata kidogo, kwa kuwa boneti na bodi havikutani tena sawasawa. Kikivutika vizuri na kurudi chenyewe, lakini boneti haiinuki, waya ni mzima na hitilafu iko kwenye pini, kwenye springi yake, au kwenye mpira ulioyeyuka kwa jua na kushikamana na rangi.

Katika hali hizi mbili za mwisho, mtafute mtu wa pili. Mmoja avute kishikio na kukishikilia bila kukiachia. Mwingine aweke viganja viwili juu ya pua ya boneti, karibu na mpini wake, akandamize chini kwa uzito wa mwili, kisha aachie ghafla. Kukandamiza kunaiondolea pini mzigo, na bamba lililokuwa limekwama hupata nafasi ya kuteleza. Tumieni viganja, si ngumi, kwa maana bati la pale hubonyea. Mpira ukiwa ndio umeshikamana, pitisha kadi laini ya plastiki yenye maji ya sabuni ukingoni mwa boneti pande zote. Nyunyizeni mafuta ya kulegeza kutu kwenye upenyo ulio juu ya kitasa, ngojeni, halafu rudieni. Nimeona boneti nyingi zikikubali katika hatua hii, na wala si mara ya kwanza ya kujaribu.

Waya ukikatika karibu na kishikio, una bahati. Ondoa kishikio, ushike ule mkia uliobaki kwa koleo la kujifunga, na uvute kwa kufuata mwelekeo wa mrija, kwa sababu ukivuta kwa pembe utaukata tena ndani zaidi, mahali ambapo koleo halifiki.

Fundi mmoja wa Katuba aliwahi kunishauri tutumie mtaimbo. Nilikataa. Kitasa ni kipuri kinachobadilishwa, ilhali boneti ikikunjwa pua hairudi katika umbo lake, hata ikipigwa rangi na mtu hodari.

Waya uliokatikia kwenye kitasa ndio kesi ngumu, na huenda ukahitaji kutoboa tundu dogo kwenye bati la mbele ili bisibisi nyembamba ilifikie bamba na kulisukuma. Usikisie mahali pa kutoboa. Tafuta Coccinelle nyingine ya miaka ileile ambayo boneti yake inafunguka, upime umbali kutoka ukingoni hadi kwenye bamba, na uangalie bamba linaelekea upande gani linapovutwa. Kumbuka kwamba tangi la petroli liko jirani: fanya kazi hiyo nje, ondoa waya wa betri, ambayo katika gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, na utumie keekee ya mkono badala ya ile ya umeme. Ncha ya keekee ipakwe grisi ili ishike chembe za chuma. Tundu hilo baadaye lipakwe rangi ya kuzuia kutu na kuzibwa kwa kizibo cha mpira.

Boneti ikishafunguka, usiifunge siku hiyo kwa furaha tu. Safisha kitasa kwa petroli kidogo na brashi, paka grisi nyembamba, maana grisi nyingi hapa kwetu ni chakula cha vumbi, na uweke waya mpya ukiwa umepakwa grisi mwote. Mimi hufunga pia waya wa pili kwenye bamba na kuupeleka mahali pa siri ambapo mkono wangu unafika boneti ikiwa imefungwa. Mwishowe, boneti ikiwa bado wazi, ingiza bisibisi kwenye kitasa mahali pa pini hadi bamba liikamate, kisha vuta kishikio. Bisibisi isipoachiwa mara moja, kaza upya skrubu ya waya na ujaribu tena kabla ya kuiteremsha boneti.