Ile Kengele Mbona Hawakuipiga?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: filamu ya familia iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ihurumiwe au ipimwe sawa na zile kubwa? Nina banda la video hapa Ng'ambo, Tabora, tangu enzi za deki na mikanda, na kwa miaka yote hiyo nimewatazama watu kuliko nilivyotazama picha zenyewe. Jibu langu ni kwamba isihurumiwe hata kidogo. Ila kwanza tukubaliane tunapima nini.

Krismasi iliyopita nilionyesha muvi moja ya kigeni ya watoto. Mimi ni Mwislamu, lakini banda langu hujaa Idi na Krismasi vilevile, maana watoto wa mtaa huu hawagawani sikukuu. Asubuhi ilinyesha, mchana jua likatoka, wakaja wengine wakitoka misani na wengine wakitoka kula pilau kwa jirani, nguo mpya, viatu mkononi kwa sababu ya tope, vidole vinanata maji ya embe. Mabenchi yakajaa, waliobaki wakakaa chini kwenye mkeka. Mimi nikashika maiki, nikaanza kutafsiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti mmoja anamkuta mnyama wa Baba Krismasi, wale wenye pembe kama za kulungu wanaovuta gari lake angani, amejificha kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba yao. Mnyama anaongea. Binti ana mdogo wake wa kiume, na nyumbani kuna bibi yao. Kuna mtu mbaya anayemsaka mnyama ili amuuze. Mapema kabisa mnyama anampa yule mdogo kengele ndogo na kumwambia: siku ukizidiwa, ipige, nami nitakuja popote nilipo. Mtoto anaitia kwenye mfuko wa koti.

Kwamba fedha hazikuwepo, kila mtu aliona. Theluji ilikuwa karatasi zilizochanwachanwa, na ilianguka upande mmoja tu wa picha, upande wa pili pakavu. Mnyama alikuwa watu wawili ndani ya ngozi, na yule wa nyuma alivaa viatu vya kamba. Mtu mbaya na mpeleka barua walikuwa mwigizaji mmoja, tofauti yao kofia.

Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam alikuwa likizo. Alisimama mlangoni kama dakika kumi, akasema, "Mjomba, hii takataka." Akaanza kunihesabia: theluji, viatu, kofia. Usiku akanionyesha kwenye simu yake maoni ya watu wa nchi nyingine, nao walikuwa wameandika yaleyale, theluji, viatu, kofia, wakacheka na kuipa nyota moja. Hakuna alilosema mpwa wangu ambalo halikuwa kweli.

Lakini mimi nilikuwa ndani na watoto. Katika banda lile hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona theluji. Zile karatasi zilipoanza kuzunguka kwenye taa ya barabarani, mtoto mmoja akapaza sauti, "Kumbikumbi!" na banda zima likapokea: kumbikumbi, kumbikumbi. Mtu wa Tabora ataelewa. Mvua ikishanyesha, usiku taa inazingirwa na vitu vyeupe, na asubuhi unafagia mabawa kibarazani. Sikuwasahihisha. Kuhusu ngozi, kulikuwa na kadogo ka miaka kama mitano, kalisimama kakasema, "Huyo ni mtu, ana viatu." Dada yake akamjibu bila kugeuza shingo: "Tunajua. Kaa, anaongea."

Tunajua! Nimelifikiria neno lile tangu siku ile. Watoto hawa gari lao ni kopo na vifuniko vya chupa, na wakilisukuma linanguruma kwa midomo yao. Bibi yangu alipotusimulia alikuwa sungura na fisi kwa wakati mmoja, hakuwa hata na kofia ya kubadilisha, nasi tulimwogopa fisi mpaka tukashindwa kwenda uani peke yetu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba uchawi wa hadithi unahitaji fedha nyingi ndipo mtoto aamini. Watoto wangu waliona viatu vilevile alivyoviona mpwa wangu, wakaamua kuendelea.

Sasa sikilizeni walichokikataa.

Mwishoni mtu mbaya anamkamata yule mdogo, anamfungia ndani ya gari. Banda likasimama. Watoto zaidi ya hamsini wakapiga kelele kwa pamoja: "Kengele! Piga kengele!" Waliikumbuka wote. Walikuwa wameitunza saa nzima na zaidi, kila mmoja kama iko mfukoni mwake. Na mtoto kwenye picha amevaa koti lilelile! Badala yake likatokea gari la polisi, mtu mbaya akatiwa pingu, watu wakakumbatiana, wakala, maandishi yakapanda. Sijawahi kusikia banda likinyamaza vile siku ya sikukuu. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni akimsubiri mwanawe aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za msiba, "Na bibi yao mbona hakuitwa kula?" Ni kweli. Bibi alisinzia kwenye kiti katikati ya picha, na wenye muvi wakamwacha palepale.

Kesho yake nikiwa bombani, binti wa jirani aliweka ndoo chini akaniamkia, kisha akauliza: "Mjomba, ile kengele mbona hawakuipiga?" Nilimwambia labda mimi ndiye niliyepitiwa wakati natafsiri. Usiku nikafunga banda, nikaitazama tena peke yangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna. Kengele inaingia mfukoni na haitoki.

Hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili. Wanaocheka theluji ya karatasi wameacha kosa kubwa wakakamata umaskini. Na wanaoitetea kwa kusema "jamani, ni ya watoto tu" wananiumiza zaidi, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyoiua kengele. Mtu alisema ni ya watoto tu, hawatakumbuka. Mtoto ndiye anayekumbuka! Mkubwa ana mawazo ya kodi na mbolea, hadithi ikimtupa anasahau. Mtoto anakwenda nayo kitandani, anaamka nayo, anakuja nayo bombani. Kumtikisisha mwigizaji kengele mara tatu kungegharimu nini? Kumwekea bibi sahani? Aliyezichana zile karatasi kwa mkono namheshimu, naona jasho lake. Ninayemlaumu ni aliyesahau, kwa sababu kukumbuka hakununuliwi.

Tangu siku ile nimesoma kidogo kuhusu picha za Krismasi za zamani, nikaona kwamba jambo hili wenzetu walilijua mapema. Mwaka 1898 huko Uingereza, G. A. Smith alitengeneza filamu ya Baba Krismasi yenye urefu wa dakika moja na sekunde chache. Watoto wanalazwa, giza linaingia, kisha ndani ya duara dogo kwenye picha ileile tunamwona mzee juu ya paa. Ujanja wenyewe ulikuwa wa kupitisha mkanda uleule mara mbili kwenye kamera. Soksi za watoto zipo pale kitandani, na kabla picha haijaisha zimejazwa zawadi. Dakika moja tu, naye hakuzisahau soksi.

Halafu kuna It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Hiyo ilikuwa na fedha, na hata hivyo ilipigwa wakati wa joto, theluji yake ikatengenezwa kwa povu la kuzimia moto, maana kabla ya hapo Hollywood walikuwa wakitumia kornfleksi zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zililia sana zikikanyagwa. Ilipotoka haikurudisha gharama zake. Miaka ya sabini hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinairusha kila Krismasi, na watu wakaipenda. Ndani yake malaika anasema kwamba kengele ikilia, malaika mmoja amepata mabawa. Mwisho wa picha, kwenye mti wa Krismasi, kengele inalia. Nilipofika hapo nilisimamisha picha, nikakaa kimya.

Mwaka Mpya watoto walitaka tena ile muvi yetu. Ndiyo, waliitaka tena, na hilo nalo ni hukumu. Sisi tuliokua tukisikiliza picha kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi za kigeni, tunajua kwamba mtafsiri ana ruhusa ya kutia chumvi. Nikafungua kengele ya baiskeli yangu, nikaificha chini ya meza. Mtoto alipofungiwa kwenye gari na banda lilipoanza kupiga kelele, nikaigonga mbele ya maiki, mara tatu, kisha kwa sauti ya yule mnyama nikasema: "Nimekusikia. Nakuja." Gari la polisi lilipotokea nikawaambia yeye ndiye aliyelituma. Kelele zilizopigwa zilisikika mpaka barabarani. Binti wa jirani alikuwa amekaa mkekani, mikono kichwani, anacheka na machozi yanamtoka.

Yule mama naye alikuwepo mlangoni. Alisubiri kelele zipungue, akasema, "Na bibi?" Nikatazama picha: meza imejaa, watu wanakula, bibi amelala kwenye kiti chake. Maiki ilikuwa mkononi mwangu, nami sikupata la kusema.